Kuomba Ruhusa Kazini Ungali Ukijaribiwa

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa taifa yakiisha kutangazwa, vijana wengi wa Mokambo, wa Sakania na wa Kasumbalesa huanza kutafuta kazi. Mmoja hupata nafasi ya ukarani kwa mawakala wa forodha hapa mpakani. Mwingine huandikwa kuwa msaidizi wa fundi katika machimbo ya shaba. Mwingine hulinda ghala, au huuza dukani, au hushika chaki kama sisi walimu. Wazazi hufurahi, majirani huja kutoa pongezi, na kijana huamka alfajiri kupiga pasi shati lake. Lakini ile karatasi aliyotia sahihi ina maneno machache ambayo mara nyingi hayasomwi: kwamba kwa miezi kadhaa kazi yake ni ya kujaribiwa tu.

Halafu, katika juma la tano au la sita, simu yalia usiku. Mjomba amefariki huko Kasenga. Au mke amejifungua. Au dada yake aolewa Jumamosi, naye ndiye mwenye kupokea mahari. Kijana akaa kitandani asijue la kufanya. Akiondoka, aogopa kupoteza kazi. Akibaki, aogopa ukoo. Wako waliokwenda pasipo kumwambia mtu, wakarudi baada ya siku nane na kukuta mwingine amekalia kiti chao. Wako pia waliobaki kazini, na mpaka leo wazee wa ukoo hawawapi mkono. Basi, ndugu msomaji, leo tuzungumze juu ya jambo hili, maana naona kwamba hasara nyingi zatokana na kutojua, wala si na ubaya wa moyo.

Kwanza yafaa kufahamu kujaribiwa ni nini. Sheria ya kazi ya nchi yetu, iliyotolewa tarehe 16 Oktoba 2002 na kurekebishwa mwaka 2016, yaruhusu mwajiri na mfanyakazi kupimana kabla ya kufungana. Lakini sharti hilo la kupimana lazima liandikwe. Pasipo maandiko, sheria yahesabu kwamba mtu ameajiriwa moja kwa moja, kana kwamba hakuna majaribio. Muda wake nao una mpaka: mfanyakazi wa mikono asiye na ufundi maalumu hawezi kujaribiwa zaidi ya mwezi 1, wengine wote, zaidi ya miezi 6. Mwajiri akiandika miezi 9, ile 3 ya juu yaanguka yenyewe. Na mtu akiendelea na kazi baada ya kikomo hicho, amekwisha kuthibitishwa, hata kama hakuna aliyempa barua yo yote. Nimewaona vijana waliokaa mwaka mzima wakijiita watu wa majaribio, wakiogopa hata kukohoa mbele ya kapita, kumbe sheria iliwatoa katika hali hiyo zamani.

Upande wa pili wa jambo ndio unaotia hofu. Katika muda huo kila mmoja, mwajiri au mfanyakazi, aweza kuuvunja mkataba kwa taarifa ya siku 3 tu za kazi, zinazoanza kuhesabiwa kesho yake. Na katika siku 3 za kwanza kabisa hakuna hata taarifa. Mlinganishe na mwenzake aliyekwisha kuthibitishwa kwa mkataba usio na kikomo: huyo hawezi kuachishwa pasipo sababu ya kweli, tena taarifa yake haipungui siku 14 za kazi, na kila mwaka mzima wa utumishi waongeza siku 7. Tofauti kati ya 3 na 14 ndiyo inayomfanya kijana ameze mate kabla ya kubisha mlango wa ofisi.

Sasa tuje kwenye ruhusa yenyewe. Huku Katanga twatumia neno moja, konji, kwa mambo mawili ambayo sheria yayatenganisha. Iko konji ya mwaka, ile ya kupumzika; na iko ruhusa ya tukio, yaani siku chache ambazo mfanyakazi hupewa kwa sababu ya arusi, uzazi au msiba. Anayechanganya hizi mbili huomba vibaya, naye hujibiwa vibaya.

Konji ya mwaka huja baada ya mwaka mzima wa kazi, tangu tarehe ya kuingia hadi tarehe ile ile. Mtu mzima huhesabiwa si chini ya siku 1 ya kazi kwa kila mwezi kamili. Kijana asiyetimiza miaka 18 huhesabiwa siku 1 na nusu. Kwa hiyo aliye katika mwezi wa tatu hana konji ya kudai. Akitaka kwenda kutembea, au kumsaidia baba yake kuvuna mahindi, aomba hisani, wala hana haki mkononi, na yampasa aseme kama mtu anayeomba hisani.

Ruhusa ya tukio ni jambo jingine. Sheria imezitaja siku zake waziwazi: mfanyakazi akioa au akiolewa, siku 2 za kazi, mkewe akijifungua, siku 2, akifiwa na mume au mke, au na ndugu au mkwe wa daraja la kwanza, siku 4, mtoto wake akioa au akiolewa, siku 1, akifiwa na ndugu au mkwe wa daraja la pili, siku 2. Katika kuzitaja siku hizo sheria yasema juu ya mfanyakazi, wala haimtengi yule ambaye angali akijaribiwa. Basi kijana aliyefiwa na mama yake katika juma la pili la kazi hana haja ya kupiga magoti. Aenda kutoa habari, aonyesha ushahidi, apewa siku zake 4. Mwenye kapita anayemjibu kwamba watu wa majaribio hawana kilio, amejitungia sheria yake mwenyewe.

Lakini tazama vizuri neno daraja, kwa maana hapo ndipo watu wa kwetu wanapojikwaa. Daraja za undugu huhesabiwa kwa hatua. Toka kwako hadi kwa mama yako ni hatua moja: daraja la kwanza. Toka kwako hadi kwa kaka yako wapanda kwa mama, kisha washuka kwa kaka: hatua mbili, daraja la pili. Babu na bibi nao ni wa pili. Sasa mhesabu mjomba. Wapanda kwa mama, wapanda tena kwa bibi, ndipo washuka kwa mjomba: hatua tatu. Na sheria imekomea kwenye mbili.

Haya, nani huku kwetu aweza kuyasikia hayo pasipo kushangaa? Kwa Walamba, kwa Walala, kwa Wabemba na Waaushi wa Luapula, ukoo hufuata upande wa mama. Yomba ndiye mwenye neno katika arusi ya mpwa wake. Ndiye aitwaye kwanza ukiwapo ugomvi. Mara nyingi ndiye aliyelipa karo ya shule wakati mshahara wa baba ulipokuwa umechelewa. Mpwa asiyeonekana kwenye maziko ya yomba atatafutiwa sababu, na sababu zitakazotajwa hazitakuwa nzuri. Yaani sheria imempa siku 2 kwa ajili ya mama mzazi wa babake, ambaye huenda hakumwona hata mara tano, na haikumpa hata saa moja kwa ajili ya mtu aliyemlea. Siwalaumu waliotunga, maana ndugu wa mtu hawana mwisho na sheria yo yote lazima ikomee mahali. Hata hivyo nasema wazi kwamba walipohesabu hatua hawakukaa chini ya paa la Mlamba.

Kwa sababu hiyo mtego mwingine umezaliwa, nao ni mbaya kuliko wa kwanza. Kwa lugha zetu ndugu wa kiume wa baba ni baba, na dada wa mama ni mama. Kijana akisema, “Baba yangu amefariki,” naye amaanisha baba mdogo wa Kipushi, hakusema uwongo mbele ya watu wa nyumbani kwao. Lakini karani wa wafanyakazi aandika kwa Kifaransa. Aandika kwamba baba mzazi amekufa, ampa siku 4, aweka karatasi ndani ya jalada. Baada ya miezi mitatu baba mkubwa naye afariki, au, Mungu aepushie mbali, baba mzazi mwenyewe. Karani afungua jalada, atazama, acheka kwa sauti ya chini: “Bwana, baba yako wewe hufa mara ngapi?” Tangu siku hiyo neno la kijana halina uzito tena, hata akisema ana homa naye anatetemeka. Tena amepoteza zile siku 4 ambazo zilikuwa haki yake kamili, kwa maana sasa hasadikiki.

Basi katika barua ya kuomba ruhusa undugu na uelezwe kwa hatua zake, si kwa jina la heshima. Andika: mdogo wa baba yangu, wa tumbo moja. Andika: dada ya mama yangu, aliyeninyonyesha mama alipougua. Ukisema kweli yote juu ya mjomba, mkubwa wako aweza kukataa. Lakini hawezi kukuita mwongo. Na kwa kadiri ninavyowafahamu wakubwa wa kazi, wengi huona vyepesi zaidi kumpa siku mbili mtu anayekiri kwamba hana haki nazo kuliko kumpa anayejifanya anazo.

Wazee wetu walikuwa na mashaka makubwa kuliko haya. Reli kutoka kusini ilifika Sakania mwaka 1909, na mwaka 1910 ikafika Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Mwaka huo wa 1910 ikaundwa ile Bourse du Travail ya kuandika watu vijijini kwa ajili ya machimbo ya Union Minière, kampuni iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1906. Watu waliandikwa kwa miezi michache, wakasafiri mbali, na habari ya kifo ilipowafikia kambini ilikuwa imekwisha kuzeeka. Aliyeondoka pasipo ruhusa hakufukuzwa tu: chini ya amri ya tarehe 16 Machi 1922 mtumishi aliyevunja mkataba aliweza kutiwa gerezani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ikaanza kuandika watu kwa miaka 3 na kuwaruhusu kukaa na wake na watoto wao kambini. Faida ilikuwapo, wala siikatai. Lakini mtu alizikwa kijijini, na mwanawe akahesabu siku za mkataba huku akilia kimya kimya chini ya ardhi. Nayakumbusha haya kwa sababu wako wazee wanaowaambia vijana, “Sisi zamani tulikuwa tunaondoka tu.” Si kila aliyeondoka alirudi kuyasimulia.

Sasa namna ya kuomba. Mambo ni ya aina mbili: yale unayoyajua kabla, na yale yanayokuangukia.

Yale unayoyajua kabla yasemwe kabla ya kutia sahihi. Ikiwa arusi yako imepangwa mwezi wa nane, nawe waandikwa mwezi wa sita, usinyamaze kwa hofu ya kuikosa kazi. Mwambie mwajiri siku ile ile ya mapatano: nina arusi tarehe fulani, nitahitaji siku 2 za sheria, na nyingine 3 kwa safari nitakazoziomba bila mshahara. Vivyo hivyo mwanafunzi wa chuo aliyebakiwa na somo moja la kurudia, vivyo hivyo mtu mwenye siku ya hospitali iliyokwisha kuwekwa. Akikubali, liandikwe, hata kama ni mstari mmoja chini ya mkataba. Mwajiri anayekataa wakati huo amekufanyia wema, maana umejua mapema. Lakini yule anayeambiwa habari ya arusi juma moja kabla ya siku yake hujiuliza, na haki anayo, ni mambo gani mengine uliyoyaficha.

Yale yanayokuangukia yana utaratibu wake. Mwarifu kwanza aliye juu yako moja kwa moja, kapita au mkuu wa zamu, kwa simu, hata ikiwa ni usiku; usimruke na kwenda kwa bwana mkubwa, kwa sababu kapita aliyerukwa hasahau. Kisha karatasi ifuate, asubuhi, kabla ya kupanda gari. Barua iwe fupi. Kwa kawaida huandikwa kwa Kifaransa, lakini nawashauri muifikirie kwanza kwa Kiswahili, kwa maana mtu aliyefiwa, akianza moja kwa moja kwa Kifaransa cha shule, huandika salamu nyingi na kusahau tarehe. Wanafunzi wangu wa zamani wanaponiletea barua hizi nizisahihishe, mara nyingi nafuta nusu ya juu na kuongeza mistari miwili chini. Kwa mfano hivi:

“Bwana Mkuu wa Wafanyakazi, mimi ni fulani, karani wa ghala, niliyeingia kazini tarehe 3 mwezi wa pili. Mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na mama yangu, amefariki jana usiku huko Kasenga. Najua kwamba sheria haimtaji mjomba, na kwamba ningali katika muda wa majaribio. Yeye ndiye aliyenilipia shule. Naomba ruhusa ya siku 2, Alhamisi na Ijumaa, hata bila mshahara. Jumatatu asubuhi kazi itakapoanza nitakuwapo. Mwenzangu wa zamu amekubali kushika daftari la malori, naye ametia sahihi hapa chini. Nikirudi nitaleta hati ya kifo.”

Tazameni yaliyomo: nani, nini, wapi, siku zipi, nani atakayeshika kazi, ushahidi gani. Hakuna sifa za mwajiri wala maelezo marefu ya ugonjwa wa marehemu. Nakala moja ibaki kwako, ikiwa na sahihi ya aliyeipokea. Ikiwa jibu limetolewa kwa mdomo tu, tuma ujumbe mfupi kwa simu: nimeondoka kwa ruhusa yako ya leo, nitarudi Jumatatu. Maneno machache hayo yamewaokoa watu wengi, kwa maana kapita anayekuruhusu leo aweza kuhamishwa kesho, na mgeni wake hatajua neno.

Katika kuhesabu siku, usiisahau njia. Hapa ndipo waungwana wengi huharibu. Anayetoka Mokambo kwenda Kasenga hupitia Lubumbashi. Wakati wa mvua gari laweza kulala njiani. Mwingine maziko yake yako Mansa, ng'ambo ya pili. Huyo ashika ile barabara ya kilomita 70 hivi inayokata pembe ya nchi yetu toka Mokambo hadi Chembe, avuka Luapula kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2008, ambalo limepewa jina la rais Mwanawasa; na kila mpaka una saa zake na karatasi zake. Siku 2 ambazo zote zamalizikia garini si ruhusa ya kilio. Ni afadhali kuomba 4 kwa wazi, mbili za mwisho bila mshahara, kuliko kuomba 2 na kurudi siku ya tano na hadithi ya gurudumu lililopasuka. Na gurudumu likipasuka kweli, piga simu kabla ya saa ya kazi, si baada yake.

Nimeitaja ng'ambo. Mpaka huu wetu ulichorwa katika mapatano ya mwaka 1894 kati ya Waingereza na serikali ya mfalme Leopold, ukawagawa Walamba pande mbili, na mpaka leo mtu wa Mokambo ana binamu Mufulira. Binamu huyo humwambia, “Mimi nimepewa siku 12, wewe kwa nini waomba 2?” Ni kweli kwamba sheria ya Zambia ya mwaka 2019 yampa mfanyakazi siku 12 zenye mshahara kwa mwaka akifiwa na mume au mke, mzazi, mtoto au mtu anayemtegemea. Yafupisha pia majaribio: miezi 3, nayo yaweza kuongezwa 3 mingine tu. Walakini binamu hakusimulia yote. Huko anayejaribiwa aweza kuachishwa kwa taarifa ya saa 24. Kila nyumba ina paa lake na mahali pake panapovuja. Usiende kwa mkuu wako na sheria ya jirani mkononi.

Kuna jambo moja ambalo orodha ya sheria yetu hailitaji kabisa, nalo laniumiza: mtoto mgonjwa. Mama kijana aliyeanza kazi ya mauzo, mtoto wake ashikwa na malaria kali usiku, aenda naye kwenye kituo cha afya. Asubuhi hana siku hata moja ya kudai. Yategemea moyo wa mwajiri, au mapatano ya pamoja ambayo kampuni nyingine zimefanya na sendika, na ambayo huweza kutoa zaidi ya sheria. Kwa hiyo kila anayeingia kazini amwulize mjumbe wa sendika, kama yuko, mapatano yasema nini. Ni swali la dakika tano, na afadhali liulizwe siku ya kwanza kuliko siku ya homa. Nawashauri pia akina mama wasifiche kadi ya kituo cha afya kana kwamba ni aibu. Waionyeshe. Na mwanamke mwenye mimba aliye katika majaribio ajue kwamba likizo ya uzazi ni majuma 14: yasiyozidi 6 kabla ya kujifungua, na yasiyozidi 8 baada yake.

Kwenu ninyi wakubwa wa kazi na makapita, ambao najua mwausoma ukurasa huu: majaribio humpima kijana, lakini nanyi mwapimwa. Watu wa kundi zima watazama mnavyomjibu yule mgeni aliyefiwa. Mkimnyima siku za sheria, wale mafundi wa miaka kumi wasiosema neno wanakumbuka. Kumwambia “nenda, urudi Jumatatu” hakugharimu sana, na kwa hilo mwajua kama ni mtu wa kurudi Jumatatu. Sioni kipimo kizuri kuliko hicho. Bali kijana ambaye katika miezi mitatu ameleta misiba minne na arusi mbili, zote za siku ya Ijumaa, huyo mwaweza kumwuliza maswali, nami sitamtetea.

Na kwenu wazee wa ukoo. Kilio chetu huku ni cha siku nyingi: watu hulala nje, moto huwaka, wanawake hupika kwa zamu, na kila anayekuja hukaa mpaka mambo yaishe. Ni desturi nzuri, imewashika mkono wengi walioachwa. Lakini mtu aliye na siku 2 afike mazikoni, atupe udongo, atoe mchango wake, kisha mwacheni apande gari. Msimwite Mzungu. Asipokuwapo kwenye kikao cha ukoo siku ya tano, kaka yake na amsemee. Kwa maana mwezi ujao ninyi hao hao mtamtumia habari kwamba mjane hana unga na watoto hawana karo, na mtazamia kwamba ana mshahara wa kutumia. Yomba mmoja wa Sakania, ambaye wapwa zake watatu wote walikuwa kazini mpya mwaka mmoja, aliwaagiza angali hai kwamba akifa aje mmoja tu, nao wapige kura. Watu walimcheka. Mimi naona alikuwa na akili.

Yabaki swali la yule aliyenyimwa haki yake, au aliyeachishwa kwa sababu alikwenda kumzika mama yake. Asipige kelele langoni, wala asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Mshahara wa siku alizofanya kazi ni wake, hata katika majaribio, nao alipwe. Kisha aende kwa Mkaguzi wa Kazi wa eneo lake, maana sheria yataka ugomvi wa kazi upitie kwanza kwake kwa upatanisho. Mahakama ya kazi haipokei shauri ambalo halijapita hapo. Achukue mkataba wake, nakala ya barua yenye sahihi ya mpokeaji, hati ya kifo, na ule ujumbe wa simu. Na kabla ya kutoka nyumbani aufungue mkataba tena, atazame kama neno la majaribio limo kweli, na ni la miezi mingapi. Asipoliona, au miezi ikiwa imepita, amwambie Mkaguzi jambo hilo la kwanza kabisa, kabla hajaanza kusimulia habari ya msiba.